Bega la Kulia Nyuma

Kitengela
14 Februari 1999

Kwa Shangazi Ruth,

Nainamisha kichwa unishike kwa salamu, ingawa mkono wako uko Kajiado na kichwa changu kiko huku kwenye vumbi la Kitengela. Kile kikohozi kimeisha. Chumba nilichokodisha ni kizuri, ila jirani yangu anafuga kuku ndani ya nyumba na jogoo wake huwika saa yoyote anayojisikia. Msalimie Baba. Mwambie viatu alivyonitumia vimenitosha, hicho cha kulia nimekijaza kitambaa kwa mbele.

Sasa habari yenyewe. Unajua kwa mwaka mmoja na nusu kazi yangu kwenye shamba la farasi la Mama Caroline imekuwa kupaka matandiko mafuta. Mwezi uliopita alikuja mwalimu wa shule ya watoto walemavu wa miguu, akauliza kama watoto wake wanaweza kufundishwa kupanda farasi. Mama Caroline ni mzungu aliyezaliwa huku huku, ana miaka sabini na miwili na hajui kusema hapana. Akanitazama mimi, akautazama mguu wangu, kisha akaingia stoo akatoka na tandiko la marehemu mama yake lililojaa utando wa buibui.

Shangazi, hilo ni tandiko la kuketi upande. Wanawake wa zamani wa kizungu walikuwa wakilitumia kwa ajili ya marinda yao marefu. Miguu yote miwili inakuwa kushoto kwa farasi. Lina pembe mbili za ngozi: ya juu unaipitishia paja la kulia, na ya chini inapinda juu ya paja la kushoto ikushikilie. Kikuku cha kukanyagia ni kimoja tu, cha mguu wa kushoto. Kwenye tandiko la kawaida mimi siwezi kabisa, mguu wangu haukubali. Lakini hapa goti langu la kulia, hili ambalo halijanyooka tangu nikiwa na miaka saba, linakaa juu ya ile pembe kana kwamba fundi alilipima.

Tarehe 28 Agosti wazazi wa wale watoto watakuja kutazama. Nikiweza kuketi vizuri siku hiyo, nitakuwa mwalimu wa watoto wao. Nisipoweza, shule itatafuta mahali pengine na mimi nitarudi kwa mafuta na vitambaa. Nimepewa farasi jike mweupe, mpole, anaitwa Chokaa.

Shida yangu ni moja. Natazama chini. Chokaa akipiga hatua tu, macho yangu yanakwenda kwenye ukanda wa tumbo lake. Munguti, saisi mkuu anayewatunza farasi hapa, ananicheka: "Wewe unaangalia nini huko chini? Umeangusha sindano?"

Mimi najua ninachoangalia. Naangalia kama ukanda utalegea. Kwa hiyo nakuomba uniambie, siku ile ya 1984 tulipokuwa tunahama na ukame, mzigo uligeukaje? Nyumbani husemwa tu kwamba Yeyo, mama yangu, alifunga vibaya, mzigo ukageuka nikiwa juu yake, punda akauangukia mguu wangu, na kwa hilo Baba akamrudisha Yeyo kwao Illasit. Nilikuwa mdogo, sikumbuki kufunga, nakumbuka kuanguka tu. Najua wewe ulikuwa mbele na ng'ombe. Lakini labda ulisikia wakisema.

Ni mimi,
Naipanoi

*

Kajiado
9 Machi 1999

Takwenya, mtoto wa kaka yangu Kisemei. Najua umeitikia "Iko" hata kama umenuna.

Barua yako ilikaa kwa sanduku la posta la kanisa wiki mbili kwa sababu mwenye ufunguo alienda harusi. Sisi tuko. Mvua inanguruma upande wa Namanga na kunyesha haitaki. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Baba yako ameng'olewa jino na sasa anaongea kama mtu anayekula kiazi moto, lakini kunikaripia bado anaweza. Akina mama wa kanisa wamenichagua mweka hazina, wamesahau kwamba ulimi wangu ni mrefu.

Farasi! Mtoto wetu juu ya farasi, kama D.C. wa enzi za wakoloni! Kwetu punda tunampakia, hatumpandi. Mguu mmoja umeshavunjika, unautafutia mwenzake? Huyo mama wa kizungu mwambie asante sana, kisha urudi kwa mafuta yako. Mafuta hayajawahi kumwangusha mtu. Baba yako sijamwambia na sitamwambia. Akisikia atakuja Kitengela kwa miguu.

Habari za 1984 usizichimbue. Aliyefunga amekufa, na maiti haulizwi. Mimi nilikuwa mbele na ng'ombe, sikuona kitu. Vaa sweta jioni.

Shangazi yako,
Ruth

*

Kitengela
30 Machi 1999

Kwa Shangazi,

Hongera kwa uhazina, na pole kwa akina mama. Sweta navaa. Hapa mvua imenyesha siku mbili na barabara ya shamba imegeuka uji. Jogoo wa jirani ameliwa Jumapili, nami nilipewa paja. Nilikula bila huruma.

Siachi. Afadhali nikuambie mapema usichoke kunishauri. Nilipoanza niliketi kama wanawake wanavyoketi nyuma ya baiskeli, mwili wote umegeuka kushoto, na Mama Caroline akapiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Kumbe miguu ndiyo inayokuwa kushoto, mwili unabaki umetazama mbele. Uti wangu wa mgongo uwe sawa juu ya uti wa Chokaa. Uzito ulalie paja la kulia. Bega la kulia lirudi nyuma, maana lenyewe hupenda kwenda mbele na kuuvuta mwili wote kushoto. Kati ya paja la kushoto na pembe ya chini pabaki nafasi ya kiganja. Mkono wa kulia nashika fimbo nyembamba inayomgusa farasi pale ambapo mguu wangu wa kulia ungemgusa.

Nikitazama mbele, yote hayo nayaweza. Nikitazama chini, bega linakwenda, nyonga inakwenda, na tandiko lenyewe linafuata. "Bega kulia nyuma! Macho kwa masikio ya farasi! Iko nini huko chini?" Huyo ni Mama Caroline, kutwa nzima.

Na sasa kuna jambo baya zaidi. Chokaa ametoka kidonda mgongoni, upande wa kulia wa ule mfupa wa mabega, ukubwa wa kifuniko cha soda. Munguti alikunja blanketi akaliweka hapo chini, kikazidi. Mama Caroline amesema kikipona kisha kikarudi, tandiko linarudi stoo na habari imekwisha. Hawezi kumtesa farasi kwa ajili ya mtu yeyote, hata mimi.

Shangazi, wewe umepakia punda miaka thelathini na sijawahi kuona punda wako akiwa na kidonda. Kama hutaki kunisaidia mimi, msaidie huyu mnyama.

Naipanoi

*

Kajiado
25 Aprili 1999

Takwenya, kichwa kigumu.

Nyasi zimeota na ng'ombe wamesahau dhambi zetu zote. Baba yako anauliza kwa nini unaniandikia mimi tu. Nilimwambia ni mambo ya kike, akaenda zake.

Nilikaa na barua yako siku nne nikisema sitajibu. Lakini kidonda cha mnyama hakina kosa. Sikiliza.

Huyo Munguti wenu na blanketi lake ni sawa na mtu anayeumwa na kiatu akaongeza soksi. Usijaze mahali panapouma. Tafuta kwa nini panauma. Mkishaponya kidonda, mfungeni farasi tandiko bila kitu chini, mtembeze mpaka atoe jasho, kisha toa tandiko haraka utazame manyoya. Palipolowa pako sawa. Ukiona doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa, hapo ndipo uzito wote umekaa, umebana mpaka jasho limekosa njia. Sisi wanawake hutazama hivyo kila tukipakua punda, na wanaume hawajui kwa sababu punda si wao. Halafu simama nyuma yake utazame mzigo ukiwa juu. Mzigo ukiinama kushoto, ujue kidonda kitatoka kulia, kwa sababu unajivuta juu ya mfupa. Jaza pale panapoinamia, usijaze panapouma.

La pili. Punda ni mjanja. Ukimfunga anajaza tumbo hewa. Unadhani umekaza, kumbe umekaza hewa. Akitembea kidogo anaitoa, na kamba inabaki inacheza. Kwa hiyo hufungwa mara mbili: ukishafunga unamtembeza mpaka nje ya ua, kisha unakaza tena. Sidhani kama farasi wamesoma shule nyingine. Katika boma letu mama yangu alikuwa na sheria: mkono uliofunga ndio unaokaza, mwingine asiguse, maana wakigusa wawili kila mmoja atadhani mwenzake amekaza. Na usikubali kamba mpya ya katani kabla ya kulowekwa. Fundo lake halikai. Ile ya siku hiyo ilikuwa imetoka dukani jana yake, ngumu, inachubua viganja.

Basi nimesema. Usiniulize tena mambo ya farasi, mimi si daktari wao.

Ruth

*

Kitengela
16 Mei 1999

Kwa Shangazi,

Natumaini jino la Baba limesahaulika. Mimi ni mzima.

Tulifanya ulivyosema. Tulingoja kidonda kikapona, Munguti akamzungusha Chokaa dakika arobaini, tukatoa tandiko. Manyoya yote yamelowa, na pale pale kwenye kovu pana doa kavu, jeupe, kama limepigwa pasi. Munguti aligusa lile doa kwa kidole. Kisha akaniuliza, "Nani alikuambia hii kitu?" Nikasema shangazi yangu wa Kajiado. Akasema, "Huyo mama aje hapa achukue kazi yangu." Mama Caroline aliita fundi wa ngozi, akaongeza sufu chini ya tandiko upande wa kushoto kwa nyuma, ambako lilikuwa limelala. Limesimama sawa. Wiki mbili sasa hakuna kidonda. Na kweli Chokaa hujaza tumbo, mwizi huyo.

Nakushukuru kwa moyo wote. Lakini barua yako naisoma kila jioni, na kila jioni nasimama mahali pamoja.

Umesema kamba ilikuwa inachubua viganja. Ulijuaje? Maisha yangu yote umeniambia ulikuwa mbele na ng'ombe.

Naipanoi

*

Kajiado
6 Juni 1999

Naipanoi,

Tuko wazima. Baridi imeanza. Mchungaji amehamishwa, na huyu mpya anahubiri saa mbili bila kunywa maji. Yule pacha mmoja wa mbuzi amekufa.

Kamba ya katani kila mtu anajua inavyochubua. Usiwe mtu wa kuchambua barua za wakubwa kama dengu.

Baba yako anakuja soko la Kitengela mwisho wa mwezi na mbuzi wanne. Mpikie.

Ruth

*

Kitengela
4 Julai 1999

Shangazi,

Salamu nimezituma kwa Baba, atakupa.

Nilimpikia. Alikula, akasifu nyama, akaniuliza kama nimepata rafiki wa kanisani. Nikamwuliza, "Baba, siku ile nani alimfunga yule punda?" Akasema, "Punda ilikuwa ya mama yako." Nikasema, "Ndiyo, lakini aliyefunga ni nani?" Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Ruth alisema punda ni ya mama yako." Alipoondoka alisahau kofia yake, na wewe unajua Baba hasahau kofia.

Miaka kumi na mitano, Shangazi, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kusema alimwona Yeyo akifunga. Mnasema tu punda alikuwa wake.

Jumanne nilianguka. Sikuumia, niliangukia mchanga. Ukanda ulikuwa umekazwa mara mbili na tandiko lilikuwa sawa. Nilianguka kwa sababu nilikuwa nimeinama kutazama kamba ambayo haipo. Mama Caroline amenipumzisha wiki mbili. Amesema nikiendelea hivi hatanipandisha mbele ya wazazi, kwa maana mtoto mlemavu akimwona mwalimu wake anaanguka hatapanda kamwe.

Nilipokuwa darasa la kwanza na la pili ulinibeba mgongoni kwenda shule na kurudi, maili mbili asubuhi, maili mbili jioni. Nilikupenda kwa hilo kuliko nilivyompenda mtu yeyote. Sasa sijui kama ulinibeba kwa kunipenda ama kwa kujificha.

Niambie. Nimekasirika, na ukinyamaza tena nitakasirika zaidi.

Naipanoi

*

Kajiado
2 Agosti 1999

Mtoto wangu,

Sina salamu leo. Nimeanza barua hii mara tano na nne nimewashia moto.

Ni mimi niliyefunga.

Mama yako alikuwa na homa. Mikono ilikuwa inamtetemeka, nikamwambia akae, nitampakia punda wake. Nilikuwa nimerudi kutoka kwa mume wangu mwaka huo, bila mtoto, na nilikuwa nakaa katika nyumba ya mama yako kama mgeni asiyeondoka. Alinitendea mema, na kila wema wake ulikuwa unanichoma. Nilifunga ngozi, vibuyu na fito za nyumba, nikakuweka juu, nikakaza kwa ile kamba mpya. Tulipotoka nje ya ua mama yako akaushika mzigo, akasema mbele ya wanawake wengine, "Ruth, kamba yako inalegea." Mmoja akacheka akasema labda ndiyo sababu mume alinirudisha, sijui kufunga kitu kikakaa.

Mama yako alinyoosha mkono akaze. Nikamwambia, "Usiguse. Mkono uliofunga ndio unaokaza." Na mimi mwenyewe sikukaza. Niliondoka kwa hasira nikaenda mbele kwa ng'ombe, ili waone kwamba sijali. Kwa hiyo si uongo kwamba nilikuwa mbele. Nimeushika ukweli huo mdogo miaka yote hii.

Mama yako aliogopa kuvunja sheria ya mama mkwe wake, akawa anatembea ameushikilia mzigo kwa mkono mmoja. Pale kwenye korongo punda aliteremka, mkono wake haukutosha.

Baba yako alikuja anakimbia. Akauliza, "Nani alifunga hii kitu?" Mama yako alikuwa chini, amekushika kichwa. Akaniangalia. Alikuwa ananingoja mimi niseme. Nikasema, "Punda ni wa Silantoi." Hilo tu. Baadaye mama yako alimweleza baba yako, lakini neno la mke na neno la dada siku hizo hayakupimwa kwa mizani moja. Akamrudisha kwao mwezi mmoja baadaye, na wewe ukabaki kwangu. Aliponiaga hakunitukana. Alisema, "Mtunze." Mwaka wa 1987 tukasikia amekufa kwa kichomi. Nilikuficha matanga ukiwa na miaka kumi, nikakupeleka kwa kambi ya kanisa.

Umeuliza kama nilikubeba kwa kukupenda ama kwa kujificha. Ni yote mawili. Sijui hata moja lilianzia wapi na lingine likaishia wapi.

Nimeandika. Sasa ichome.

Ruth

*

Kitengela
10 Agosti 1999

Shangazi,

Siichomi.

Nililia siku mbili. Sikulia kwa ajili yako. Nilimlilia mwanamke niliyemchukia tangu nikiwa mtoto. Kila nilipochekwa shuleni nilimlaani, na niliposikia amekufa sikutoa chozi, na wewe uliniona nisivyotoa chozi ukaninyamazia.

Mwambie Baba. Usimwambie mchungaji, usimwambie Mungu peke yake. Mwambie Baba, kwa mdomo wako, akiwa amekaa. Kisha wale wa Illasit wasikie pia. Usiniandikie mpaka umefanya hivyo. Ukishindwa, nitakuja mwenyewe na hii barua yako mkononi niisome kanisani, wakati wa matangazo.

Naipanoi

*

Kajiado
12 Septemba 1999

Naipanoi,

Umenikataza kuandika mpaka nifanye. Nimefanya, ndiyo maana naandika.

Ilinichukua siku kumi na moja. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi palikuwa na ndama wa kufunga ama maji ya kuchota. Unajua mimi naishi kwa ardhi ya baba yako. Akisema niondoke sina boma lingine, na umri huu hakuna mume anayetafuta mke wa miaka hamsini na moja mwenye ulimi. Niliogopa, nakuambia wazi. Kisha siku moja nilimpelekea chai, nikakaa chini badala ya kusimama, nikasema.

Hakunipiga wala hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Na hivi ndivyo Silantoi alivyoniambia?" Nikasema ndiyo, alikuambia. Akatoka akakaa kwa zizi la ndama mpaka jua likawa kichwani. Siku sita hakula chakula nilichopika. Siku ya saba akachagua mtamba mmoja mzuri, akakodi gari la kupakia mifugo, akasema, "Twende Illasit. Wewe ndiye utakayesema."

Bibi yako wa huko bado yuko. Jicho moja halioni na hilo lingine linaona zaidi ya yale yangu mawili. Hakutukaribisha ndani. Tulipewa viti nje, wajomba zako wakasimama. Nilisema yote, tangu kamba mpaka korongo. Nilisema pia lile neno nililomjibu baba yako.

Bibi yako alisema, "Silantoi alituambia siku aliyofika." Baba yako akauliza kwa nini basi hawakuja kudai haki. Akasema, "Sisi tungesema nini? Nyinyi ndio mliokuwa na la kusema. Tumewangoja miaka kumi na mitano."

Baba yako akamwonyesha mtamba. Bibi yako hakugeuza hata kichwa. Akasema, "Mimi sikuwapa ng'ombe. Niliwapa Silantoi, na Silantoi aliwaachia mtoto. Mbona mmekuja na ng'ombe, na mtoto hamkuja naye?"

Tulirudi na mtamba wetu.

Baba yako hajanifukuza. Afadhali angenifukuza. Ananipita kama anavyolipita jiwe la kunolea panga. Akina mama wa kanisa wamesikia, nimewarudishia kitabu chao cha hazina kabla hawajakiomba. Siombi unihurumie. Nakueleza tu hali ilivyo. Sijui kama ile siku ya wazazi ulipanda ama hukupanda. Nimemwuliza kila mtu anayetoka Kitengela, na hakuna anayejua habari za farasi.

Ruth

*

Kitengela
23 Septemba 1999

Shangazi Ruth,

Nilipanda.

Watu walikuwa kama sitini, wamekaa kwenye majani makavu. Munguti alimfunga Chokaa, nikamwambia anipishe, nikakaza mwenyewe, nikamtembeza, nikakaza tena. Kisha nikapandishwa, nikaweka goti langu mahali pake, nikatazama masikio ya farasi. Tulikwenda mwendo wa kutembea, kisha wa mchakamchaka, kisha akakimbia duara zima, na mimi juu yake nimesimamisha mgongo. Mama Caroline hakupiga kelele hata mara moja, mpaka nikadhani amezirai. Sikuwa na cha kutafuta chini. Nilikuwa nimeshajua kilichotokea, na kujua kunauma lakini hakumwangushi mtu. Alipanda mtoto wa kwanza siku hiyo hiyo, msichana wa miaka tisa anaitwa Katee, mguu wake umekonda kama wangu. Alitazama chini. Nikamwambia kitu kinachomtia hofu akitaje kwa sauti, akasema, "Naogopa farasi akipiga chafya." Tulicheka sote. Sasa nina wanafunzi saba.

Barua yako nimeisoma mara moja tu. Sitakuambia nimekusamehe, kwa sababu sijakusamehe, na wewe umechoka na maneno yenye ukweli nusu kama nilivyochoka mimi. Najua lilikugharimu kusema. Nimeandika kwa Baba pia, nimemwambia naye anayo yake ya kujibu, maana Yeyo alimweleza na yeye akachagua kutosikia. Asikubebeshe wewe mzigo wote.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Jumatatu naenda Illasit. Usinisindikize, na Baba asinisindikize. Bibi aliuliza mtoto yuko wapi, nami nataka nijibu kwa miguu yangu mwenyewe, huu mzima na huu mwingine.

Nikitoka huko nitapita kwako. Usichinje kitu, chai inatosha. Nitakaa mpaka nimalize kukuuliza, na utanijibu yote, hata yale yanayokuuma. Nataka kujua alikuwa anacheka namna gani. Nataka kujua aliimba nini akikamua, na kama alikuwa mrefu. Wewe ulikaa nyumbani mwake, na katika miaka yote uliyonilea sikuwahi kukuuliza habari zake hata siku moja, kwa sababu nilikuwa nikimchukia.

Naipanoi wa Silantoi